Kuingia Si Kuabudu

Kwanza namshukuru mhariri kwa kunitengea kurasa hizi. Sina shairi wala hadithi ya kuwachekesha mwaka huu. Nina neno ambalo limenikaa kooni tangu mkutano wetu wa muhula wa pili, nami nimeona heri nilitoe hapa mbele ya wote kuliko kulinong'ona ukumbini.

Wanachama mnalijua jambo lenyewe, lakini kwa faida ya wasiokuwapo nitalieleza kwa ufupi. Palitolewa pendekezo kwamba ziara ya Chama cha Kiswahili iwe ya kutembea kwa miguu hapa hapa kisiwani. Tuanzie Fort Jesus, tupite Mji wa Kale, kisha tuingie makanisa makuu mawili yaliyoko barabara ya Nkrumah: lile la Ukumbusho la Waanglikana na lile la Roho Mtakatifu la Wakatoliki. Lo! Hapo ndipo moto ulipowaka. Wengine walisema ati Mwislamu akiingia kanisani imani yake imetiwa maji. Wengine wakajibu kwamba wanaokataa wana chuki. Mmoja akauliza kwa kejeli, "Kwani hiki ni Chama cha Kiswahili au ni kwaya?" Mwalimu mlezi wetu, kwa busara yake, akaahirisha jambo mpaka mwakani, ambapo litapigiwa kura. Ziara haikufanyika. Na lililonichoma zaidi ni kwamba baada ya siku ile kuna marafiki waliokuwa wakila chakula cha mchana pamoja kila siku, sasa kila mmoja ana benchi lake.

Mimi nitapiga kura ya ndiyo, na katika makala haya nataka kueleza kwa nini. Nasema haya nikiwa mtoto wa Kibokoni, Mwislamu, niliyesoma madrasa tangu sijaanza kuota meno ya pili. Nalitaja hilo ili asije mtu akadhani nasukumwa na upande fulani.

Hebu tuanze na jengo lenyewe. Kila siku mamia yetu hupita barabara ya Nkrumah, ama kwa miguu ama ndani ya matatu, na kuliona lile kanisa jeupe lenye kuba. Wageni wengi hulidhania msikiti, na hawalaumiki. Madirisha yake ni membamba yenye matao, kuta zake ni nyeupe kama za nyumba zetu za zamani, na kuba lake linang'ara juani. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, kati ya mwaka 1903 na 1905. Aliyelichora ni Mwingereza J. H. Sinclair, afisa wa serikali ambaye baadaye alichora majengo mengi ya Unguja, likiwemo lile jumba la makumbusho la Beit el Amani lililofunguliwa mwaka 1925. Sinclair alitazama majengo ya Waswahili na Waarabu, akayapenda, akayaiga. Kwa hivyo kanisa hilo limevaa kanzu yetu, jamani, na bado sisi twaliona geni!

Likizo iliyopita nililiingia. Nilikwenda na wanafunzi wenzangu wawili, mmoja wao akiwa ni Mkristo ambaye mama yake husali hapo, naye ndiye aliyetuombea ruhusa. Kabla ya kwenda nilimwambia nyanya yangu, kwa sababu sikutaka ifike siku aambiwe na jirani. Alininyamazia kitambo, akaendelea kuchambua mchele wake, kisha akasema: "Mjukuu wangu, nenda ukaone. Mlango wa mtu huingiwa kwa adabu. Lakini dini yako usiisahau huko, maana sitakwenda kukuchukulia." Basi nikavaa buibui langu nikaenda.

Ndani mlikuwa na baridi na kimya, kelele za tuktuk zikabaki nje. Mzee mmoja anayelitunza alitupokea vizuri. Tulimpa shikamoo, akatuuliza twatoka shule gani, akatuacha tutazame tutakavyo. Hakuna aliyetuambia tupige magoti. Hakuna aliyetupa kijitabu. Alichotuambia ni kwamba watalii wanaoshuka melini hufika kutazama, lakini wanafunzi wa Mombasa ni nadra kuwaona, isipokuwa wale wanaokuja kusali. Neno hilo nililibeba mpaka nyumbani.

Sasa nije kwenye hoja zangu. Hoja ya kwanza ni ya historia. Kanisa lile linaitwa la Ukumbusho. Ukumbusho wa nani? Ni wa watu watatu: Askofu James Hannington, Askofu Henry Parker, na Henry Wright aliyekuwa katibu wa chama cha wamishonari cha CMS kule Uingereza. Hannington aliondoka pwani Julai 1885 akipitia nchi ya Wamasai kwenda Buganda. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, ambaye aliogopa wageni wanaoingia kwa njia ya mashariki. Parker, aliyemfuata, alikufa kwa homa mwaka 1888 kusini mwa Ziwa Viktoria.

Lakini je, Hannington aliuawa peke yake? La hasha. Waliuawa pamoja naye wapagazi wake karibu wote aliotangulia nao, wapatao hamsini hivi. Wengine walikuwa wamebaki nyuma pamoja na William Jones, Mwafrika aliyekombolewa kutoka utumwani, akasomeshwa India, kisha akawa kasisi huku kwetu. Habari za mauaji zilipomfikia, Jones ndiye aliyewakusanya watu waliosalia akawarudisha kwa miguu mpaka Rabai, wakafika mapema mwaka 1886. Hebu ipime safari hiyo kwenye ramani, kutoka upande wa Mumias mpaka Rabai, na njaa na maradhi njiani.

Wapagazi wale walikuwa watu wa huku pwani. Walikuwa na mama zao na wake zao. Jengo limepewa ukumbusho wa wakubwa watatu, na wale waliobeba mizigo wakafa nao hawamo katika jina lake. Basi niambieni, mtu atawezaje kuuliza swali kama hilo ikiwa hata mlangoni hajafika? Anayekataa kuingia kwa sababu jengo ni la wakoloni anaiacha hadithi yote mikononi mwa wakoloni. Mimi naona afadhali niingie, nisome, niulize: na wetu wako wapi?

Hoja ya pili ndiyo inayokihusu hasa chama chetu, nayo ni ya lugha. Yule aliyeuliza kama hiki ni Chama cha Kiswahili au kwaya, namwomba aniazime sikio. Mwaka 1844 Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa, na mwezi Julai mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga ng'ambo ya pili, upande wa Nyali. Katika huzuni na homa zile alikuwa tayari ameanza kujifunza Kiswahili na kutafsiri Kitabu cha Mwanzo. Na nani alimsaidia? Alisaidiwa na kadhi wa Mombasa, ambaye jina lake katika maandishi ni Ali bin Mohedin. Naam, kadhi! Mtu aliyekuwa akihukumu kwa sheria ya Kiislamu alikaa na mmishonari akamfunza maneno. Mmoja hakumgeuza mwenzake. Kilichotoka hapo ni mwanzo wa kazi iliyozaa sarufi ya Kiswahili ya mwaka 1850 na kamusi kubwa iliyochapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya Krapf kufariki.

Haikuishia hapo. Sote tunamsoma Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyekufa yapata mwaka 1840. Twamnukuu katika mijadala, twajivunia kwamba ni wetu. Lakini mashairi yake mengi yalikuwa vichwani mwa watu tu, na vichwa hufa. Yaliokolewa na watu wawili. Wa kwanza ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni na mshairi wa hapa hapa Mombasa, aliyeyakusanya kwa wazee na kuyaeleza maana zake. Wa pili ni William Taylor, kasisi wa CMS, aliyeyaandika na kuyahifadhi. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Diwani ya Muyaka ilichapishwa mwaka 1940 na Hichens, kutokana na hati hizo. Lau Mwalimu Sikujua angesema, "Mimi sikai na padri," na lau Taylor angesema, "Mimi sitaki mashairi ya Waislamu," leo tungekuwa na kidogo sana cha Muyaka cha kujivunia.

Ipo na habari ya ushindani, ambayo sisi watu wa Mombasa hatupendi kukumbushwa. Krapf na Taylor walikiinua Kimvita. Kule Unguja Askofu Edward Steere wa UMCA alikiinua Kiunguja. Steere aliandika kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili mwaka 1870, kisha akajenga kanisa kuu mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Makanisa haya mawili, la kwetu na la Unguja, yalikuwa kama mafahali wawili. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano hapa hapa Mombasa wa kuchagua lahaja itakayofanywa sanifu, na kikachaguliwa Kiunguja. Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Ndiyo maana leo twaandika "njoo" na nyanya zetu wasema "ndoo", na mwalimu akatutia kalamu nyekundu. Mwanafunzi wa Kiswahili asiyejua kwamba mapadri walikuwa pande zote mbili za ugomvi huo hajaijua nusu ya habari ya lugha yake.

Nitoe na neno moja tu kama mfano. Sisi twasema "gereza". Wataalamu wanaeleza kwamba neno hili lilitokana na neno la Kireno "igreja", maana yake kanisa. Wareno waliijenga Fort Jesus kuanzia mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na ndani ya ngome wakaweka kanisa lao, ambalo msingi wake mpaka leo waonekana uwanjani. Watu wa mji wakaliita jengo lile kwa jina walilolisikia. Ngome zikaja kutumiwa kufungia watu, na Waingereza nao wakaifanya Fort Jesus jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Basi neno la kanisa likawa neno la kifungo! Angalieni jinsi watu wa kawaida walivyoonja dini iliyokuja na mizinga. Neno moja tu lina historia ya miaka mia nne, na mahali pa kulifunzia ni pale pale uwanjani, si ubaoni.

Hoja ya tatu ni ngumu zaidi, nami sitaikwepa. Kuna wanaosema: "Hizo nyumba zina damu. Waachie wenyewe." Ni kweli zina damu. Wareno waliuchoma mji huu mwaka 1505, wakaushambulia tena mwaka 1528. Na iko habari ya Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani wa Mombasa, aliuawa mwaka 1614 baada ya kugombana na Wareno. Kijana akapelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Kiagostino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa kutawala. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akaishika ngome. Wakristo wa mji waliokataa kuiacha dini yao waliuawa, Wareno na Waafrika pia, wanawake kwa wanaume. Mwaka uliofuata Yusuf alikimbia Mombasa, akawa mwizi wa baharini mpaka kufa kwake.

Habari hii kila mmoja huisimulia upande unaompendeza. Mmoja atasema ni shujaa aliyelipiza kisasi. Mwingine atasema ni muuaji wa mashahidi wa imani. Mimi nionavyo, ina funzo kwetu sote. Mtoto alichukuliwa kwa nguvu akatiwa katika dini ya wengine, naye alipopata nguvu akawatia wengine kwa nguvu katika yake. Yote mawili ni kinyume cha kile ninachokitetea. Kuingia nyumba ya mwenzako kwa hiari, kwa ruhusa, mchana kweupe, ukatazama, ukauliza, ukashukuru, ukatoka na dini yako kama ulivyoingia nayo, hiyo ni dawa ya yale ya 1614 na ya 1631. Tukiyaogopa majengo kwa sababu ya damu ya zamani, basi tusiingie na Fort Jesus. Lakini Fort Jesus twaingia kila mwaka, twapiga picha juu ya mizinga, na mwaka 2011 ilipoorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia tulifurahi sote.

Wala si lazima turudi mbali hivyo. Agosti 2012, baada ya kuuawa kwa sheikh mmoja, vijana wenye hasira walivunja makanisa hapa mjini. Februari 2014 polisi waliingia Masjid Musa kwa risasi. Machi 2014 watu waliokuwa katika ibada Likoni walimiminiwa risasi na wakafa. Sisi tulikuwa watoto wadogo, lakini wazazi wetu wanakumbuka usiku ule walivyofunga milango. Nauliza: kijana anayetupa jiwe kwenye dirisha la kanisa, je, amewahi kuketi ndani yake akaona kwamba ni mbao na mawe na bibi mzee anayefagia? Na yule anayeona kila kanzu ni kanzu ya gaidi, je, amewahi kuvua viatu mlangoni mwa msikiti akaona watoto wakisoma alifu kwa kijiti? Sisemi ziara moja ya shule itamaliza fitina. Nasema kwamba jambo lisilojulikana ni rahisi kulichukia, na sisi tuna miguu na mchana wa kutosha kulijua.

Sasa nizijibu hofu mbili tatu, kwa sababu wenye hofu si maadui.

Ya kwanza ni ya dini. Mimi si mwanachuoni, sitoi fatwa, na wanachuoni wenyewe wana kauli zao mbalimbali juu ya jambo hili. Kila mmoja na amuulize mwalimu wake. Nitakumbusha tu kisa tulichofunzwa, cha Khalifa Umar alipofika Jerusalem katika karne ya saba. Inasimuliwa kwamba alikuwa ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu wakati wa sala ulipofika. Askofu akamkaribisha asali humo, naye akakataa, akatoka akasali nje, akisema akisali ndani Waislamu watakuja kulichukua kanisa kwa kisingizio chake. Katika kisa hiki aliingia, na adabu yake ikamzuia kuwanyang'anya wenyewe. Hicho ndicho kipimo ninachokitaka: kuingia si kuabudu, na heshima ina pande mbili.

Ya pili ni ya wazazi. Mzazi akikataa kutia sahihi, mwanawe asilazimishwe na wala asichekwe. Abaki na kundi litakalofanya kazi Mji wa Kale, na ripoti yake iwe na uzito ule ule. Chama kinacholazimisha hakina tofauti na wale waliompeleka Yusuf Goa.

Ya tatu ni ya masomo. Nimesikia, "Mtihani hauulizi habari za makanisa." Ndugu yangu, mtihani huuliza insha. Utaandika nini ikiwa hujaona kitu? Aidha ziara yenyewe ni ya bei ya chupa ya maji. Tumechangisha pesa nyingi kwa safari za mbali, tukalala basini, tukarudi na picha za twiga. Hii ni ya kutembea.

Na hapa niseme kidogo juu ya Ulaya. Wengi wetu tuna jamaa huko wanaotutumia picha katika simu. Binamu yangu mmoja aliwahi kutuma picha akiwa mbele ya kanisa la watawa la Jerónimos huko Lisbon, na nyumba nzima ikapigwa na bumbuazi. Ni jengo la ajabu kweli, lililoanzishwa mwaka 1501, na ndani yake amezikwa Vasco da Gama, yule aliyefika bandari yetu Aprili 1498, akaona Mombasa haimtaki, akaenda Malindi. Lakini je, mwajua lilijengwa kwa pesa gani? Sehemu kubwa ilikuwa ni kodi ya biashara iliyotoka Afrika na Mashariki, kwa njia ile ile ya baharini iliyopita mbele ya ngome yetu. Watu hupanga foleni kuliingia. Sisi twalipenda kwenye simu, na la kwetu, lililo dakika chache kutoka sokoni, twalipita kama ukuta wa choo. Wahenga walisema mkosa la mama huamwa hata la mbwa. Sisi la mama tunalo na hatulitaki!

Basi napendekeza haya, ili kura ya mwakani iwe juu ya mpango na isiwe juu ya hasira.

Kwanza, barua ya kuomba ruhusa iandikwe kwa Kiswahili fasaha kwa wasimamizi wa makanisa yote mawili, na siku ichaguliwe isiyokuwa ya ibada, harusi wala mazishi. Hilo la Roho Mtakatifu nalo tusiliache. Lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1920, nalo halikuvaa kanzu kama mwenzake. Limekuja na suti yake ya Ulaya, na minara miwili mbele. Kuyatazama yote mawili kwa siku moja ni somo la ujenzi lisilohitaji kitabu.

Pili, tuvae kwa heshima, tusipige picha bila idhini, na mtu yeyote asiombe kwa sauti wala kuhubiri. Atakayetaka kusali kimya, hilo ni lake na Mola wake.

Tatu, ziara iwe ya kwenda na kurudi. Wenzetu Wakristo nao wapelekwe Mji wa Kale, tuombe ruhusa ya wazee wa msikiti wa Mandhry, ambao wasemekana ulijengwa mwaka 1570, waonyeshwe kisima na mnara wake. Kama wazee watasema mwisho ni uani, basi tutaishia uani na tutashukuru. Mgeni hachagui chumba.

Nne, kila mwanachama arudi na jina moja au neno moja. Kuna wazee mjini ambao babu zao walikuwa waashi, maseremala na wachomaji chokaa. Kuna familia Kisauni na Frere Town ambao wahenga wao walikombolewa baharini katika miaka ya 1870, wakaishi chini ya ile kengele iliyopapa jina mahali pa Kengeleni. Tuwaulize nani alijenga nini, nani alibeba nini. Tuyaandike majibu katika jarida hili, kwa majina ya wale watakaotukubalia. Mwalimu Sikujua alifanya kazi hiyo kwa mashairi. Sisi tuifanye kwa mawe.

Wanachama wenzangu, najua kura ni siri na kila mmoja ana dhamiri yake. Wenye kupinga nawaheshimu, na yeyote mwenye hoja aiandike toleo lijalo, nitaisoma neno kwa neno. Nachoomba ni kitu kimoja: mtu asipige kura ya la kwa sababu ya uvumi wa ukumbini. Apite kwanza barabara ya Nkrumah, asimame dakika tano mbele ya lile kuba, ajiulize wale wapagazi hamsini walikuwa wana wa nani. Akishajiuliza, na apige kura atakavyo.

Kalamu yangu imefika ukingoni. Nawatakia mitihani mema na likizo njema.

Mwanachama, Kidato cha Tatu